Je, kompyuta mpakato inahimili kazi nzito ya kila siku?

Hapa Tabora ofisi inapotaka kununua kompyuta, mjadala humalizwa mara nyingi na hoja moja: kwamba kompyuta mpakato ni ya kusafiri nayo na kuandikia barua mbili tatu, ilhali kazi ya kutwa nzima, siku sita kwa wiki, inataka kompyuta ya mezani. Nimeisikia tena hoja hiyo mwezi uliopita katika kikao cha chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku ambacho nakitunzia hesabu. Walioitoa ni wazee wenye nia njema ya kulinda fedha za wanachama, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa uangalifu.

Wanaoitetea kompyuta ya mezani wana haki yao. Kasha lake lina nafasi, feni zake ni kubwa na joto hutoka bila kubanwa. Kibodi ikifa, unanunua nyingine siku hiyo hiyo bila kuifungua mashine. Kioo cha mpakato kikipasuka, fundi wa hapa huenda akalazimika kukiagiza Kariakoo, na kazi husimama mpaka basi lifike. Studio inayohariri video za harusi, ambako prosesa, yaani kile kijenzi kinachofanya hesabu zote za kompyuta, huenda kwa nguvu zote saa kadhaa mfululizo, hata mimi ningeishauri inunue ya mezani.

Ila takwimu tuliyosomewa kikaoni kama ushahidi wa mwisho inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka 2009 kampuni ya SquareTrade ya Marekani, iliyokuwa ikiuza dhamana za vifaa vya elektroniki, ilichambua kompyuta mpakato 30,000 na kueleza kwamba asilimia 31 huharibika ndani ya miaka mitatu. Moja kati ya tatu! Mjumbe yeyote akisikia hivyo atafunga mkoba. Lakini katika hiyo 31, asilimia 10.6 zilikuwa ajali za mtumiaji, na 20.4 ndizo zilizokuwa hitilafu za mashine yenyewe. Sisemi ajali zisihesabiwe, maana kitu kinachobebwa huanguka. Nasema tu kwamba kikombe cha chai kikimwagika, lawama si ya kiwanda. Ukiziondoa ajali, mashine nne kati ya tano zilimaliza miaka mitatu bila kufa zenyewe. Uchambuzi huo huo ulionyesha kwamba mpakato ndogo za bei nafuu ziliharibika kwa hitilafu kwa kiwango kilichozidi kile cha mashine za bei ya juu kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo kikaoni halikusomwa. Tena wakati ule mpakato nyingi zilihifadhi mafaili kwenye diski inayozunguka, ambayo mtikisiko mmoja mbaya huweza kuiua, ilhali leo nyingi zina diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ni haki pia niseme kwamba mashine zile hazikufanya kazi katika vumbi la kiangazi cha Unyamwezi, kwa hiyo takwimu hiyo haiwezi kuwa hukumu ya mashine zetu, iwe kwa upande wangu au wa wazee.

Kinachopotea katika mjadala huu ni aina ya mpakato. Ile nyembamba ya plastiki inayonunuliwa kwa ajili ya mwanafunzi haikuundwa kwa kazi ya ofisi, na ndiyo hasa watu wameiona ikivunjika bawaba baada ya mwaka. ThinkPad, Latitude na EliteBook ni familia za mashine zilizokusudiwa maofisi: nyingi kati ya hizo hupimwa uimara kwa viwango vya MIL-STD-810 vya jeshi la Marekani, na baadhi zina kibodi yenye njia ya kupitishia maji yakimwagika. Zinafika madukani kwetu zikiwa zimetumika nje miaka mitatu au minne. Ninayoandikia sasa niliinunua hivyo mwaka 2019, na imepita misimu yote ya masoko ya tumbaku tangu hapo.

Msimu mmoja ilianza kujizima kila ifikapo saa nane mchana, nami nikaamini wazee walikuwa sahihi. Fundi aliifungua mbele yangu. Kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto palikuwa na tabaka la vumbi jekundu lililochanganyika na ungaunga wa majani ya tumbaku, limeshikana kama kitambaa, nene kiasi kwamba alilichomoa kwa kibano likiwa kipande kimoja. "Mama, mashine hii ni nzima, imekosa pumzi tu," akaniambia. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia mwendo, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Mimi nilichoita ubovu kilikuwa kinga yake. Akaipuliza, akaipaka dawa mpya ya kupitishia joto, na haijajizima tena.

Liko pia suala la umeme, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Umeme ukikatika katikati ya kuingiza uzito wa robota, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo, na faili lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika. Mpakato huendelea. Chaja yake ya wati 65 hupokea volti 100 hadi 240, na mara nyingi umeme ukirudi kwa kishindo inayoungua ni chaja hiyo, ambayo bei yake ni ndogo. Isitoshe, mpakato hubebwa hadi ghalani penye mizani, na hesabu ikaingizwa pale pale mkulima akiitazama.

Gharama ya faida hiyo ni betri. Betri ya lithiamu ya kawaida huanza kupungua kwa dhahiri baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, na joto huiharakisha; kuiacha imejaa kwenye chaja siku nzima huichosha pia, ndiyo maana mashine nyingi za ofisi huruhusu chaji ikomeshwe kwenye asilimia 80. Anayenunua mpakato bila kutenga fedha ya betri ya pili amefanya nusu ya hesabu.

Kwa kikao kijacho nimependekeza mpakato mbili za aina ya ofisi, chaja mbili za akiba, betri moja kwa kila mashine ifikapo mwaka wa tatu, na fundi wa kuzipuliza mara mbili kwa mwaka, kabla masoko hayajafunguliwa na baada ya robota la mwisho kupimwa. Bawaba ya kushoto ya mashine yangu imeanza kulegea, na nimeandika bei ya nyingine katika pendekezo hilo hilo, ili wajumbe waione kabla ya kupiga kura.