Dawa za sonona zinahitaji macho ya watu wawili

Kinachoniuma kuhusu dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali isiyoisha, ni namna zinavyotolewa. Mtu anakabidhiwa vidonge, anaambiwa kimoja kila asubuhi, basi. Haambiwi kwamba siku za mwanzo huenda akajisikia vibaya kuliko alivyokuja.

Fluoksetini, sertralini na nyingine za jamii yao huanza kusumbua kabla ya kusaidia. Kichefuchefu, tumbo kuharisha, kichwa kuuma na usingizi kupaa huja mapema. Nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa wengine hukawia zaidi. Asiyejua hilo ataziacha ndani ya wiki ya kwanza akidhani zimemkataa, na ugonjwa atabaki nao.

Kwa vijana, mwanzo huo una uzito wake. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo kali kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana. Mwaka 2007 onyo hilo likafika hadi walio na miaka 24. Wapo wanaoliona kuwa sababu ya kuzikimbia. Mimi naliona kuwa agizo la kumwangalia mgonjwa kwa karibu, maana sonona isiyotibiwa nayo inaua. Kijana aliyeanza dawa, kisha ghafla hatulii, halali, anazunguka chumbani usiku kucha na kufoka ovyo, asingojee tarehe ya kliniki. Apelekwe leo. Akitaja kufa, asiachwe peke yake hata kidogo.

Daktari naye aulize kama mgonjwa amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kwa sababu mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kupandishwa wazimu na dawa hizi. Na mgonjwa ataje kila anachomeza, hata mitishamba. Tramado ya maumivu ikichanganywa nazo inaweza kuleta homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Halafu kuna kuacha. Mtu akipata nafuu huona dawa za nini tena, ilhali inashauriwa aendelee angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu. Akizikatisha ghafla, hasa paroksetini au venlafaksini, kizunguzungu kinamkamata, machozi huwa karibu, akigeuza macho anahisi kama shoti ya umeme kichwani. Hapo ndugu husema amekuwa teja. Si kweli, na maneno hayo yanaumiza. Hana kiu ya dawa wala hatafuti dozi kubwa zaidi. Mwili wake umeizoea tu na unataka kushushwa polepole, kwa wiki kadhaa, wengine miezi.

Ratiba ya kushusha dozi ni haki yako. Iombe kwa daktari, na asipokupa, mwulize mfamasia. Wakati ukiisubiri, endelea kumeza kama ulivyoandikiwa.