Mtoto atakula, na mama yake je?

Tulikaa kikao cha familia Morogoro, watu 11 na birika mbili za chai, kwa ajili ya binamu yangu ambaye ndoa yake ya miaka 14 imefika ukingoni. Yakaanza ya watoto: ada atalipa nani, chakula kitatoka wapi. Ikafuata nyumba. Baada ya hapo watu wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni.

Nikauliza, "Baba mdogo, na dada mwenyewe je? Atakula nini?"

Baba mdogo akanitazama kama niliyetukana. "Mwanangu, talaka ni talaka. Mtu si mumewe tena, atamdai matumizi kwa lipi?"

Sikumlaumu. Wengi wetu tukisikia "matunzo" tunafikiria mtoto tu, na tukisikia "haki ya mke" tunafikiria nyumba na kiwanja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuyachanganya hivyo. Kifungu cha 114 kinahusu mgawanyo wa mali. Matunzo ya watoto yana vifungu vyake. Katikati hapo kuna kifungu cha 115, kinachoipa mahakama uwezo wa kumwamuru mwanamume amlipe matunzo mkewe, au mtalaka wake. Hata mwanamke anaweza kuamriwa amtunze mwanamume, ikiwa ugonjwa au ulemavu umemzuia kujitafutia riziki na yeye mwanamke anao uwezo. Hilo la pili nikilitaja kijiweni watu hucheka, lakini limeandikwa.

Kwenye mali angalau tumepiga hatua. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali. Kila mwanaharakati anaitaja kesi hiyo. Wachache hukumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia alizitumia vibaya. Alishinda hoja, akatoka mikono mitupu.

Binamu yangu ni fundi cherehani. Mumewe ni mtumishi wa serikali, na mtumishi huhamishwa. Walianzia Morogoro, wakaenda Tabora, wakaenda Mtwara, wakarudi. Kila walipohama mume alikuta mezani kwake kazi ile ile, mshahara ule ule, pengine na cheo kimepanda. Mke alikuta mji usiomjua. Anayeshona anaelewa: mteja wa gauni la harusi humfuata fundi anayemwamini, hamfuati fundi aliyeshuka jana stendi. Mara tatu alijenga wateja, mara tatu akawaacha. Ukigawa nyumba utagawa matofali na bati. Wateja wa Tabora utawagawaje? Kwangu mimi, matunzo ya mtalaka yapo kwa ajili ya hasara ya namna hii, ambayo haina hati wala risiti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ni "hela ya kukaa bure". Wala sikubaliani na dada zangu wanaoyataka kama adhabu, amlipe mpaka akome. Haki hiyo hufika mwisho mtalaka akiolewa tena, na hata asipoolewa, naona vizuri iwe ya muda, ya kumfikisha mtu mahali pa kusimama mwenyewe. Waislamu tuna mwanzo wa wazo hili: matumizi ya eda, yaani ya ule muda mwanamke anaokaa akingoja baada ya talaka, na kile kiliwazo anachopewa aliyeachwa. Tatizo letu ni kwamba eda huhesabiwa siku kwa siku ikija kwenye kumfungia mwanamke ndani, ila ikija kwenye matumizi yake hesabu zinatupotea.

Kinachonikera ndani ya sheria yenyewe ni kifungu cha 116. Mahakama ikipanga kiasi hutazama hasa uwezo na mahitaji ya pande zote mbili, hapo sina neno. Inatazama mila za jamii yao, sawa. Lakini inatazama pia nani alichangia kiasi gani kuivunja ndoa. Hapo ndipo meseji za simu zinapofumuliwa na majirani kugeuka mashahidi, huku swali la kodi ya nyumba likisubiri. Njaa haimuulizi mtu alikosea wapi.

Na hata amri ikipatikana, kumbana mwenye mshahara ni tofauti na kumbana anayelipwa siku kwa siku. Kwa hiyo nilimshauri binamu, kabla hata shauri halijatoka baraza la usuluhishi, asiende na neno "matunzo" likiwa tupu. Aandike. Akachana karatasi kwenye daftari la mtoto, akaandika: kodi ya fremu miezi sita, mashine ya ovaloki, mtaji wa vitambaa, chakula chake mpaka wateja warudi.

Baba mdogo alivaa miwani, akaisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Fremu za Mwembesongo siku hizi zinakwenda shilingi ngapi?"