Nimeposa Nyumba Nyingi, Naombea Nikataliwe

Nani alisema mteja ni mfalme? Huyo hajawahi kununua nyumba mahali penye wanunuzi wengi kuliko milango. Tunaingia kuangalia kwa zamu, na anayefuata ameshaanza kutukoholea kizingitini. Ukiuliza kuhusu ule ufa ukutani, dalali anatabasamu tu: "Bosi, wapo wenzako hata hawajauona."

Basi tukaona tusiweke roho kwenye nyumba moja. Tumepeleka ofa kwenye ile ya ghorofa, ile yenye baraza, na ile ambayo mke wangu haitaji bila kuguna. Ni kama kuposa mabinti wa mtaa mzima, kisha ukaomba usiku baba zao wakatae wote ila mmoja. Kwa kila mwenye nyumba tumeandika barua ya kumlainisha: "Hii ndiyo nyumba tuliyoiota." Wanandoa wana ndoto nyingi, kosa liko wapi?

Shida ni usingizi. Nikilalia ubavu wa kushoto, naogopa tutakosa zote. Nikigeuka kulia, naogopa tutapata zote. Maana ofa ambayo haijakubaliwa unaweza kuiondoa, lakini ikishakubaliwa na saini zikawekwa, umefungwa, na arubuni yako inaweza kwenda na maji. Benki nayo imekubali mkopo wa nyumba moja. Wakikubali wawili asubuhi moja, yule wa pili nimwambie nini? Kwamba saini yangu ilikuwa inatania?

"Si tumeweka masharti?" anasema mke wangu. Kweli tumeweka: fundi akague, mthamini asiikane bei, mkopo utoke. Hapo ndipo pa kutokea. Sasa dalali anataka tuyapunguze, eti wauzaji hawapendi ofa yenye "ikiwa" nyingi. Yaani nizibe pa kukimbilia ili nionekane mchangamfu! Yeye kamisheni yake ina "ikiwa" moja tu: ikiwa nyumba imeuzwa.

Halafu yupo yule wa pesa taslimu. Kila nyumba yumo. Hana benki, hana mthamini, hana hata mke wa kumwambia jikoni padogo. Sijawahi kumwona, ila nashuku ni mtu mmoja tu, na ningependa kujua hulala wapi.

Mwenye baraza amejibu. Hakukataa wala hakukubali, amepandisha bei na kutaka jibu kabla jua halijazama. Kumbe akishafanya hivyo, ile ofa yetu ya mwanzo imekufa. Siwezi kusema "basi turudi kwenye bei ile". Tumepiga hesabu, tumefuta, tumepiga tena. Mke wangu anasema tukubali. Nami namuuliza, na yule wa ghorofa je, akikubali sasa hivi?

Simu inaita. Ni dalali, na hajasema anapigia nyumba ipi.

"Pokea, mume wangu."

"Pokea wewe. Jina lako ndilo liko juu."