Vunjajungu Anayefanana na Ua Hajifichi

Kila ninaposoma habari za vunjajungu wanaofanana na maua, nakutana na maelezo yaleyale: wanajificha ili adui asiwaone. Hata shuleni tulifundishwa hivyo. Anatajwa kinyonga, anafuata panzi wa kijani, kisha vunjajungu anaungwa mkiani mwa orodha. Mimi naona hapo tunamkosea. Panzi anataka asionekane. Huyu anataka aonekane, tena kutoka mbali.

Mchukue yule maarufu kuliko wote, vunjajungu okidi wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia, aliyepewa jina la ua liitwalo okidi. Jike ni mweupe, pengine ana rangi ya waridi, na mapaja ya miguu yake minne ya kutembelea yamepanuka yakawa mfano wa petali. Mwanasayansi wa viumbe wa Uingereza, Alfred Russel Wallace, alimwandika tangu karne ya 19, akaeleza kwamba umbo lile ni chambo cha kuvutia wadudu. Wazo likabaki wazo kwa zaidi ya miaka 100. Ni mtafiti James O'Hanlon na wenzake waliokwenda kulipima huko Malaysia, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Walikaa wakahesabu wadudu wanaomwendea vunjajungu na wanaoliendea ua halisi. Vunjajungu alipata wageni wengi zaidi kuliko ua.

Tena hakuhitaji kukaa juu ya ua ndipo awavute, na hapo ndipo ninapogombana na picha za mtandaoni. Karibu zote zinamweka juu ya okidi, rangi zimelingana, mtazamaji anahangaika kumtafuta. Inapendeza, lakini inafundisha uongo. Hakuna okidi moja inayojulikana kwamba ndiyo aliyoiiga. Mwilini mwake amebeba ua la jumla tu, na hakimu wa kufanana huko si jicho langu wala lako. Ni jicho la nyuki, ambalo halioni wekundu kama sisi lakini linaona urujuanimno, mwanga tusiouona kabisa. Kwa jicho hilo, rangi ya vunjajungu okidi ni vigumu kuitenga na ya maua yanayomzunguka. Tunapomsifia kwa uzuri tunaouona sisi, tunasifia jambo ambalo halikumhusu.

Afrika Mashariki nako tunao wa kwetu. Yupo mmoja ambaye wanasayansi humwita Pseudocreobotra wahlbergi, mdogo, urefu wake kama sentimita 4. Tunutu wake, yaani mtoto asiyeota mabawa bado, hukunja tumbo likaelekea juu, limejaa vimiiba laini, na miguu ina mistari ya kijani, nyeupe na waridi. Akikua, kila bawa la mbele linakuwa na duara lililojizungusha kama tarakimu 6. Akitishwa anafungua mabawa, na anayemtisha anatazamana na macho mawili makubwa. Nami nauliza: kama umbo la ua lingekuwa kinga yake ya pekee, macho yale ni ya nini? Sikatai kwamba ndege naye huweza kumpita bila kumtambua. Lakini mdudu anayetulia kwenye ua, mikono ameikunja kifuani, kisha anamdaka inzi kufumba na kufumbua, yuko kazini.

Wazee walitukataza kumshika, eti mkono uliomgusa utavunja chungu. Nadhani katazo lile lilimlinda kuliko tunavyomlinda leo, maana sasa kila kinachotambaa kwenye bogonvilia kinapuliziwa dawa bila kuangaliwa.

Ombi langu ni kwa walimu wa sayansi na wanaoandika vitabu vya watoto. Mtoeni kwenye ukurasa wa wanaojificha, mumpeleke kwa wawindaji, jirani na buibui anayetega utando. Na mkimchora, msimchore juu ya ua. Mchoreni kwenye jani la kijani, peke yake, na nyuki akimjia.