Kejeli zinazoishia wodi ya saratani

Juni 2024 ulipopatikana mwili wa mtoto wa kike mwenye ualbino, wa miaka miwili na nusu, aliyeibwa kwao Muleba mwishoni mwa Mei, Kanda ya Ziwa nzima ilitikisika. Hapa Mwanza vikundi vya WhatsApp vilijaa picha yake. Kwenye ibada watu walilia waziwazi. Hasira ile ilikuwa ya kweli na ninaiheshimu.

Kinachoniuma ni kwamba sisi tuliolia siku ile ndio tunaonyamaza mtoto mwenye ualbino anapozomewa kituoni, darasani na bombani. Tumemwogopa mwenye panga peke yake, tukasahau kwamba kwa watu hawa jua linaua wengi kuliko panga. Na mara nyingi sana wanaowasukuma juani ni sisi, kwa midomo yetu.

Ualbino ni hali ya kurithi. Mwili hautengenezi melanini ya kutosha, ile inayoipa ngozi, nywele na macho rangi yake. Mtoto huzaliwa hivyo pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba kinasaba hicho, hata kama wao ni weusi tii, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa aina hiyo. Kwa hiyo yule baba anayefungasha nguo zake akidai mkewe alitembea na mzungu, anamkimbia mtoto aliyemrithi yeye mwenyewe.

Ngozi isiyo na melanini haina kinga ya jua. Mwanza ipo karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua linatupiga utosini mwaka mzima. Mtoto akikaa nje bila kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, ngozi huungua, hubabuka, huota madoa, kisha huja vidonda visivyopona. Wengi wao huondoka na saratani ya ngozi kabla ya kufika miaka 40. Wahenga waliosema mzaha mzaha hutumbuka usaha, hapa wamesema jambo unaloweza kulishika kwa mkono.

Mtoto wa jirani yangu, huku Nyegezi, alinunuliwa na mama yake kofia ya duara pale Makoroboi. Mama akaishonea kamba ya kufunga kidevuni ili upepo wa ziwani usiipeperushe. Kila asubuhi mtoto alitoka nayo kichwani na kila jioni alirudi nayo kichwani. Mama alikuwa na amani, mpaka siku moja akimwogesha akaona masikio yamebabuka kwa juu na shingoni nyuma kumeota madoa ya kahawia. Akaniita nije nione. Nikaishika ile kofia. Imevaliwa muhula mzima, lakini ndani haina hata alama ya jasho. Ukingo wake una mikunjo miwili iliyokaza, ya kitu kinachokunjwa na kuwekwa kwenye begi kila siku.

Alipobembelezwa ndipo akasema. Wenzake walikuwa wakimnyang'anya kofia wakati wa mapumziko, wanairusha huku na huku, wakimwita "dili", yaani kitu cha kuuzwa upate pesa. Mwalimu wa zamu naye alikuwa akimwambia aivue paredi kwa sababu si sare. Mtoto akaona heri jua. Akifika kona ya duka la mwisho anaivua, akirudi anaivaa palepale, mama asihuzunike.

Natamani kila mtu anayesema "watoto wanataniana tu" angeyaona yale masikio. Mtoto wa darasa la nne amepima aibu na maumivu, akachagua maumivu. Hakuna aliyemgusa kwa panga, wala polisi hawana mtu wa kumkamata, ila ugonjwa utakaokuja kumpeleka hospitali ya Bugando akiwa na miaka ishirini na kitu umepandwa pale pale uwanjani, mchana kweupe, huku wengine wakicheka.

Halafu kuna macho. Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na macho yao huchezacheza bila wao kutaka. Darasa lenye watoto mia linapoandikiwa zoezi ubaoni, mtoto huyu hata akikaa dawati la mbele hasomi kitu. Inabidi asimame, asogee, asome maneno matatu, arudi kuyaandika. Nyuma wanapiga kelele: "Kaa chini, unatuziba!" Anakaa. Daftari lake linabaki na sentensi nusunusu, mwalimu anakagua, anamchapa kwa uvivu. Wenzake wanamwita mzito. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wa aina hii karatasi zenye maandishi makubwa, na ni jambo jema sana, lakini aliyekata tamaa darasa la tano hafiki kwenye karatasi hiyo.

Aliyeacha shule huku kwetu anafanya kazi gani? Analima. Anaanika dagaa mwaloni. Anauza mahindi barabarani. Zote ni kazi za juani, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yaani zile kelele za "unatuziba" zimemfungia njia ya kazi za kivulini, kazi ambazo yeye alizihitaji kuliko wote waliokuwa wakimzomea. Sioni namna ya kuutenganisha uonevu wa darasani na kidonda cha miaka kumi baadaye.

Chini ya yote haya kuna ushirikina, na lazima tuuseme kwa jina lake. Kwenye kambi za wavuvi na kwenye migodi ya dhahabu bado wapo wanaodanganywa na wapiga ramli kwamba kiungo au nywele za mtu mwenye ualbino huleta samaki na dhahabu. Ndugu zangu wavuvi, sangara wamepungua kwa sababu ya makokoro, nyavu za macho madogo na uvuvi kwenye mazalia. Nywele za mtoto wa mtu hazitawarudisha. Wanawake wazee wa Usukumani nao wameuawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka hamsini ya kuwapikia haohao wanaowatuhumu. Ugonjwa ni mmoja: kuutazama mwili wa mwenzako ukauhukumu badala ya kumuuliza ana shida gani.

Serikali imefanya mambo, nisiyafiche. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka 2010 Salum Barwany, naye mwenye ualbino, alishinda ubunge wa Lindi Mjini kwa kura za wananchi, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku. Watoto wengi walikusanywa kwenye shule zenye ulinzi, kama Mitindo kule Misungwi na Buhangija kule Shinyanga, na wapo waliookoka kwa sababu hiyo. Lakini mtoto kulelewa bwenini miaka nenda rudi, mbali na mama yake, kwa kuwa majirani hawaaminiki, ni hukumu juu yetu sisi majirani.

Huruma ninayoidai si ya kumpa mtu mia tano na kumwambia "pole, ni mipango ya Mungu." Niliiona ninayoitaka kwenye daladala ya Buhongwa. Mama alipanda na binti yake mwenye ualbino, konda akapaza sauti, "Leo gari lina bahati, tumebeba dili!" Wawili watatu wakacheka. Bibi mmoja mwenye kikapu cha viazi akamgeukia: "Mwanangu, huyu ana jina. Muulize." Gari likawa kimya. Bibi akarudia, "Nimesema muulize." Konda akauliza kwa sauti ya chini, binti akajibu, na bibi akamhamishia kwenye kiti chake, upande usio na jua. Hakuhubiri. Aliona jua linaingia dirisha la kushoto, akajua nani asikae pale.

Shule ya mtoto wa jirani yangu sasa imekubali kofia pana na mikono mirefu kuwa sare yake, na mwalimu mkuu amelitangaza hilo paredi mbele ya wanafunzi wote. Imekuja baada ya mama kupanda na kushuka ofisini na barua ya daktari, peke yake, akipoteza siku za kuuza sokoni. Wazazi wa Nyamagana na Ilemela, kama shuleni kwenu yupo mtoto mwenye ualbino, ombeni suala hili liingie kwenye kikao kijacho cha kamati ya shule: kofia, dawati la mbele, ruhusa ya kusogea ubaoni, na adhabu kwa anayemzomea. Msimwachie mama yake peke yake. Nendeni kumi, hata kama mtoto si wenu.