Wazee wa Yezreeli waliitwa nani?

Kuna mhubiri mmoja hapa Nakuru ambaye husimama karibu na steji ya matatu na kipaza sauti chake tangu asubuhi. Wiki iliyopita alikuwa na Yezebeli, mke wa mfalme Ahabu wa Israeli. Yezebeli wa rangi ya mdomo, Yezebeli wa suruali ya kubana, Yezebeli wa nywele za kununua. Wasichana waliokuwa wakipanda gari za Njoro walimpita wakicheka, nami nikajiuliza huyu bwana amesoma kitabu kipi. Biblia inamtaja Yezebeli akijipamba mara moja tu, siku ya kufa kwake, alipotia wanja machoni na kutengeneza nywele, kisha akachungulia dirishani Yehu, jemadari aliyempindua mwanawe, akiingia langoni. Dhambi yake kubwa imo kwingine, nayo haihusiani na vipodozi. Ni ya wino na muhuri.

Fungua 1 Wafalme 21 uisome polepole. Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu limepakana na jumba lake. Alitaka kulifanyia nini? Bustani ya mboga. Mzabibu unalelewa miaka kabla ya kukupa zabibu za maana, halafu mtu aung'oe apande sukuma! (Sukuma nimeiongeza mimi, Maandiko yanasema mboga tu.) Tumpe haki yake, alianza kwa ustaarabu: aliahidi shamba lililo bora zaidi, au pesa. Nabothi akakataa, maana urithi wa baba zake haukuwa kitu cha kuuza. Mfalme akarudi nyumbani, akajitupa kitandani, akageuza uso, akasusa chakula. Mtu mzima, na taji lake.

Hapo ndipo mke akaandika barua kwa jina la mume, akazipiga muhuri wa mfalme na kuzituma Yezreeli, kwa wazee na wakuu waliokaa mji mmoja na Nabothi. Maagizo yalikuwa wazi kabisa: tangazeni mfungo, mketisheni Nabothi mbele ya watu, wawekeni watu wawili waovu wamshuhudie kwamba amemlaani Mungu na mfalme, kisha mtoeni nje mkampige mawe. Wawili, kwa sababu Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuuawa. Sheria ilifuatwa. Hata maombi yalikuwapo.

Miaka yote niliyofundisha ushirika wa nyumbani, hapa nilikuwa napita mbio ili nimfikie nabii Eliya na mbwa waliomla Yezebeli kule Yezreeli. Siku hizi siwezi kupita. Wale wazee walimjua Nabothi. Walikaa naye langoni na huenda walionja zabibu zake. Barua ilipofika, hakuna aliyeuliza swali. Na kuna jambo dogo katika aya ya 14 ambalo sikuliona kwa muda mrefu: barua zilikuja kwa jina la Ahabu, lakini kazi ilipokwisha, wazee walipeleka habari kwa Yezebeli. Kumbe walijua vizuri ni mkono wa nani ulioandika. Hawakudanganywa hata kidogo.

Tena haikuishia kwa Nabothi. 2 Wafalme 9 inataja damu ya Nabothi pamoja na damu ya wanawe. Bila shaka, mrithi akibaki hai, shamba lina mwenyewe.

Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa haya kwa mafumbo. Ni kaunti iliyogawanywa kutoka mashamba makubwa ya walowezi, kupitia kampuni na vikundi vya kununua ardhi, na hadi leo kuna familia zenye risiti bila ploti na wengine wenye ploti bila risiti. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma haikuishia kwa wanasiasa wenye tamaa. Iliwagusa pia mawakili, wapima ardhi na maofisa wa serikali waliotayarisha makaratasi. Ahabu mmoja hawezi kunyakua hata kichaka. Anahitaji katibu.

Katibu nilikuwa mimi.

Kikundi chetu kilikuwa kidogo, ploti za futi hamsini kwa mia, watu wa kujuana. Mwanachama mmoja alifariki akaacha mjane na ploti ya mbele, ile inayotazama barabara. Jioni moja mwenyekiti alinijia na kumbukumbu za mkutano zilizokwisha chapwa. Ziliandika kwamba mjane alihudhuria na akakubali kuhamishiwa ploti ya nyuma, kwenye korongo. Tarehe iliyoandikwa naikumbuka, kwa sababu siku hiyo nilikuwa matangani Molo, na mkutano haukuwapo. Mwenyekiti akaisogeza kalamu kando ya kikombe changu. "Katibu, hii ni ya kukamilisha faili tu." Nilitia sahihi kabla chai haijapoa. Sikupewa hata shilingi, na sijui kama hilo linapunguza kosa au linaliongeza.

Kwa hiyo nikisikia watu wakifundisha kuhusu waovu wa Biblia kwa kuorodhesha Farao, Hamani, Herode na Yuda na vipande vyake 30, nasikiliza kwa heshima, lakini hao hawaninyimi usingizi. Siwezi kuwa Farao, sina jeshi. Wale wazee naweza. Eliya alipokuja na hukumu alimtaja Ahabu na Yezebeli, na juu yao hakusema neno. Ukiendelea hadi 2 Wafalme 10 utawakuta wakuu na wazee wengine wanapokea barua, safari hii ya Yehu, inayotaka vichwa vya wana 70 wa Ahabu. Wakavikata, wakavitia vikapuni, wakavipeleka Yezreeli. Aliyezoea kutii barua hachagui mwandishi.

Mwaka jana katika ushirika, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, wale wazee waliitwa nani?" Nikamwambia majina yao hayakuandikwa. Akasema, "Sasa si walipona." Nikafunga kwa maombi mapema kuliko kawaida.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa yule mama, kule korongoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu barabarani. Sikufika katikati.

"Najua, Katibu," akasema. "Nilionyeshwa karatasi. Unaandika vizuri, jina linasomeka."

Akaenda jikoni kuniletea chai.