Alishinda Dau, Hakumshinda Mtu

Mjomba wangu ana silaha moja ambayo sijapata ngao yake: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Akishaitamka, mjadala umekwisha. Tumebishana kwa miaka kama kweli binadamu alitua mwezini Julai 1969. Yeye anasema ilikuwa sinema. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilikuwa namrushia takwimu: safari sita zilizotua, watu 12 waliotembea kule, kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa duniani, vioo vilivyoachwa ambavyo wanasayansi huvimulika kwa leza na mwanga ukarudi. Bendera ilionekana kupepea kwa sababu ilitundikwa kwenye fimbo iliyolazwa juu yake. Na Warusi, waliotamani sana kuona Marekani ikiaibika, mbona walinyamaza? Hoja zangu zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyomsogeza.

Nilidhani kasoro ni yake, mpaka nilipokutana na kisa cha Alfred Russel Wallace.

Huyu ni yule mwanasayansi Mwingereza aliyefikia kwa njia yake mwenyewe, kama Darwin, wazo la uteuzi asilia: kwamba viumbe wanaoyafaa mazingira yao ndio husalia na kuzaana. Mwaka 1870, mtu aitwaye John Hampden, aliyeshikilia kwamba dunia ni bapa, aliweka dau la pauni 500 kwa atakayemwonyesha kuwa maji yana mbinuko. Wallace, ambaye ujanani alifanya kazi ya kupima ardhi, akalikubali. Walichagua kipande kilichonyooka cha mfereji wa Old Bedford, maili sita, karibu kilomita 10. Akaweka alama moja mwisho wa kipande hicho na nyingine katikati, zote kwa kimo kimoja juu ya maji, kisha akachungulia kwa darubini iliyokaa kimo hichohicho. Maji yangekuwa bapa, alama zingelingana. Ile ya katikati ikaonekana imepanda juu.

Mtu wa upande wa Hampden alichungulia darubini ileile, akaona picha ileile, akatangaza kwamba Hampden ndiye mshindi! Mwamuzi akampa Wallace fedha, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwa miaka mingi Hampden alimwandama kwa barua na vijarida vya kumwita mwizi. Alimwandikia hata mkewe, akimtishia kwamba ipo siku mumewe ataletwa nyumbani kichwa kimepondwa. Alifungwa kwa kashfa, akatoka, akaendelea. Mwaka 1876 mahakama ikaamua arudishiwe pauni zake, kwa kuwa sheria haikuyatambua madau.

Wallace alidhani wanabishania maji. Nami nilidhani tunabishania mwezi.

Nilipoanza kumtazama mjomba badala ya kumjibu, niliona kitu. Ni mtu ambaye maisha yake yote ameamriwa na wengine. Lakini akianza habari za mwezi, vijana humzunguka, naye kwa nusu saa ndiye ajuaye, maprofesa ndio waliolala. Nadharia ya njama ilimpa cheo ambacho hakuna aliyewahi kumpa. Halafu naja mimi na kilo 382 za mawe, nataka kumvua.

Zipo sababu nyingine. Tukio kubwa hudai chanzo kikubwa: ni vigumu kukubali kwamba Rais Kennedy aliuawa mwaka 1963 na kijana wa miaka 24 mwenye bunduki iliyoagizwa kwa posta. Mizani haikai sawa, basi watu huongeza uzito upande wa pili.

Ila sababu inayonitia adabu ni hii: njama za kweli zipo. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali ya Marekani waliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940, walinyimwa, ili madaktari waone ugonjwa utafika wapi. Ukimwambia mjukuu wa mmoja wao kwamba serikali haiwezi kufanya jambo kama hilo, mjinga kati yenu ni wewe.

Mtilia shaka mwenye haya huanzia hapo, kwa kukiri. Kisha anauliza siri ile ilifichukaje. Haikufichuliwa na mtu aliyeona vivuli vya ajabu kwenye picha. Mtumishi mmoja wa idara hiyo ya afya, Peter Buxtun, alilalamika ndani ya idara, akapuuzwa, akapeleka habari kwa waandishi. Kulikuwa na majina, mafaili na tarehe. Linganisha na uvumi kwamba UKIMWI ulitengenezwa katika maabara ya Marekani: huo ulisukumwa na KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, kuanzia na barua isiyo na jina katika gazeti moja la India mwaka 1983. Aliyeusadiki akijihadhari na uongo wa serikali moja, alinaswa na wa nyingine.

Sisemi ushahidi ni bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwakutanisha watu zaidi ya 2,000 na programu ya akili bandia iliyojibu hoja zao wenyewe, moja baada ya nyingine. Imani yao katika njama walizozitaja ilishuka kwa karibu moja ya tano kwa wastani, na ilibaki chini miezi miwili baadaye. Nakiri imeniuma kidogo, mashine kunishinda ustahimilivu. Lakini mashine haibetui midomo.

Siku hizi sianzi na takwimu. Nilimuuliza mjomba nini kingemfanya aseme alikosea. Akafikiri. "Nikiona vyombo vyao vimebaki kule." Nikamwonyesha picha zilizopigwa na chombo kilichorushwa mwaka 2009 kuuzunguka mwezi. Akasema picha hutengenezwa, tukacheka sote. Kisha akanigeuzia: "Na wewe, mpwa wangu, nini kingekufanya useme mimi niko sahihi?" Nikababaika. Sikuwahi kujiuliza.

Nikamsimulia habari za Wallace, darubini na yote, nikaongeza sehemu ambayo mwanzoni ilinifedhehesha: Wallace huyohuyo aliamini kwamba wafu huzungumza na walio hai, na uzeeni aliipiga vita chanjo ya ndui, akaiandikia kijitabu mwaka 1898 akiiita upotofu.

Mjomba akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa yeye nani alimwekea darubini?"